Wikiendi ya jiokeshi, Arusha hadi kwa rafiki Moshi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila nikiaga kazini Ijumaa kwamba naenda Moshi kutafuta makopo, Jumatatu nakutana na maswali yale yale. Nimeyakusanya hapa, mengine kama yalivyoulizwa. Safari ninayoizungumzia ni ile fupi: unatoka Arusha Jumamosi asubuhi, unalala kwa rafiki upande wa Moshi, unarudi Jumapili jioni.

## Mchezo wenyewe

1. Jiokeshi ni nini hasa?

Ni mchezo wa kufichiana. Mtu anaficha kopo au kiboksi mahali, anapima namba za eneo kwa GPS, anaziweka mtandaoni. Wewe unazifuata kwa simu mpaka ufike, unatafuta, unafungua, unaandika jina lako la mchezo na tarehe kwenye kijikaratasi kilichomo ndani, kisha unalirudisha palepale. Basi. Hakuna kombe wala mshindi.

Ulianzia Marekani mwaka 2000. Kabla ya hapo serikali yao ilikuwa ikiivuruga makusudi GPS ya raia, ikawa inakosea hata mita 100. Mwanzoni mwa Mei mwaka huo wakaacha kuivuruga, na tarehe 3 Mei jamaa anayeitwa Dave Ulmer akaficha ndoo porini karibu na Beavercreek, Oregon, akatangaza namba zake ili watu wajaribu. Ndani aliweka vikorokoro, pamoja na kopo la maharage. Siku hizi chakula ni marufuku (swali la 15 linaeleza kwa nini).

2. Kwa hiyo kuna keshi ndani?

Hakuna. Swali hili ndilo lililonifanya niache kutamka "keshi" mbele za watu. Ukisimama sokoni Moshi ukasema unatafuta keshi iliyofichwa chini ya jiwe, utapata wasaidizi wengi kuliko unavyohitaji. Mimi nasema "kopo", na hapa nitaendelea hivyo.

3. Nahitaji kifaa gani? Nalipia?

Simu yako inatosha. Programu ya Geocaching unaipata bure, ingawa makopo mengine yanaonekana kwa waliolipia tu. Wenye Android wengi tunatumia pia c:geo, ambayo ni ya bure.

GPS yenyewe haili bando, kwa kuwa simu inapokea mawimbi ya setilaiti moja kwa moja. Kinachokula bando ni ramani na maelezo ya kopo. Pakua vyote nyumbani Ijumaa usiku, maana ukishaacha lami kupanda vijijini mtandao unakuja na kuondoka unavyotaka wenyewe.

4. Yale makadirio ya D na T yanamaanisha nini?

D ni ugumu wa kulipata kopo, T ni ugumu wa njia. Vyote huanzia 1 hadi 5, kwa kupanda nusu nusu. T ya 1 unafika bila taabu yoyote. T ya 5 inataka vifaa maalumu, mfano mtumbwi au kamba za kupandia. Kwa wikiendi ya kutembelea mtu, usivuke 3 upande wowote. Kopo la D 4 lililokula saa mbili za Jumamosi limekula saa mbili za rafiki yako.

5. Nimefuata namba vizuri, nikajikuta kwingine kabisa. Nimekosea wapi?

Karibu kila mara ni namna ya kuandika. Mchezo huu hutumia digrii na dakika: S 03° 21.000 E 037° 20.000 inakuangusha Moshi mjini. Simu nyingi, hasa ramani za kawaida, zinaonyesha digrii zenye desimali: 3.350. Hizo mbili ni sehemu moja, kwa kuwa 0.350 ya digrii ni dakika 21. Ukiisoma 3.350 kana kwamba ni digrii 3 na dakika 35, umejishusha kilomita 26 kusini, na utashangaa mbona migomba imeisha.

Kosa la pili ni kusahau S. Huku tuko kusini mwa ikweta. Ukiandika N, simu itakupeleka zaidi ya kilomita 700 kaskazini, kwenye jangwa la Chalbi, Kenya. Mwenzetu mmoja alisafiri na hesabu hiyo mpaka Usa River ndipo akauliza kwa nini simu inasema tumebakiza siku nzima.

Dakika moja ni karibu kilomita 1.85, kwa hiyo tarakimu ya tatu baada ya nukta ni kama mita mbili. Ndiyo maana ukiruka tarakimu moja tu ya mwisho hupotei, ila ukikosea ile ya mbele, umeisha.

## Kupanga wikiendi

6. Tutapata makopo mangapi kwa siku mbili?

Machache. Ulaya mtu anaweza kuokota ishirini akitembea alasiri moja. Huku yametawanyika na mengine hayajatembelewa muda mrefu. Panga matatu Jumamosi na moja au mawili Jumapili. Kabla ya kuliweka kopo kwenye mpango wako, angalia tarehe ya mwisho watu kulipata. Kama watatu wa mwisho wote wameandika hawakuliona, usimburuze rafiki yako huko.

7. Mwenyeji wangu hachezi. Nimwambieje?

Mwambie mapema, kwa simu, kabla hujafika, na umwambie kwa lugha ya kawaida: "Nakuja kukuona, njiani nitasimama sehemu mbili tatu kuna mchezo nacheza." Ukianza na setilaiti atadhani umeajiriwa na wapima ardhi, na kwa Kilimanjaro, ambako kila mita ya kihamba (shamba la ukoo la Wachaga) ina historia, hilo si jambo la kutania.

Kisha muulize yeye anapajua wapi pazuri. Mwenyeji wangu hajawahi kupakua programu yoyote ya mchezo huu, lakini ndiye aliyenionyesha njia ya mkato ya kwenda kwenye maporomoko yaliyonisumbua mara mbili nilipokwenda na simu peke yake.

8. Nibebe nini?

Kwa ajili ya mchezo: penseli (kalamu ya wino inagoma kwenye karatasi yenye unyevu), kijitabu cha akiba, mifuko midogo ya plastiki inayofungika kwa ajili ya kukinga karatasi za makopo ya wengine zisilowe, tochi, na pawabanki. Viatu vilivyofunika mguu, kwa ajili ya siafu, mbigili na upupu. Akina dada hubeba na kitenge, kinafaa kanisani na kinafaa kukalia.

Kwa ajili ya mwenyeji: usipige hodi mikono mitupu. Sukari, mchele, sabuni, kilo mbili za nyama. Vitu vya kawaida vinapendeza kuliko zawadi ya kufungwa karatasi ya kung'aa. Na acha nafasi kwenye buti. Mama wa rafiki yako hatakubali uondoke bila mkungu wa ndizi, na mkungu haukunjwi.

9. Miezi gani ni mizuri?

Juni hadi Oktoba kukavu, ingawa Juni na Julai mawingu yanaweza kuuficha mlima siku nzima. Januari na Februari pia ni nzuri, jua kali na Kibo inaonekana asubuhi. Masika, Machi hadi Mei, barabara za vijijini zinakuwa sabuni.

10. Sina gari. Inawezekana?

Inawezekana kabisa, na safari zangu za kwanza zilikuwa hivyo. Kutoka stendi ya Arusha magari ya Moshi ni mengi kutwa nzima. Utapoteza makopo ya njiani, maana Coaster haitakusubiri uchungulie chini ya daraja, lakini yaliyo karibu na Moshi unayafikia kwa hiace na bodaboda.

Ukichukua boda, patana bei ya kwenda, kusubiri na kurudi kabla hujapanda. Usimwonyeshe namba za eneo. Mtajie kijiji, kanisa au shule iliyo karibu, halafu mita mia tatu za mwisho mwongoze wewe. Wengine wakishaelewa mchezo hawasubiri tena kwenye pikipiki. Wanaingia kutafuta, na macho yao yameizoea sehemu kuliko yako.

## Barabarani

11. Tuondoke saa ngapi?

Saa kumi na mbili asubuhi, saa moja kasoro ikishindikana. Arusha hadi Moshi ni kama kilomita 80, na bila kusimama ni saa moja na nusu hadi mbili. Ila Jumamosi ni siku ya soko Tengeru (lingine ni Jumatano), na ukifika pale saa tatu utakutana na toyo zimebeba kabichi, watu wanavuka na ndoo za nyanya, na vifodi vinavyoshusha abiria popote vinapojisikia. Njia nne zinazoanzia Sakina zinaishia hapo Tengeru, kwa hiyo msongamano wote unabanana kwenye barabara moja.

Faida nyingine ya kuwahi ni mlima. Ukipita Boma Ng'ombe saa mbili asubuhi una nafasi nzuri ya kumwona Kibo wazi. Saa tano kashajifunika shuka.

12. Tusimame wapi?

Ninasimama sehemu zenye kitu cha kuona hata kopo likikosekana. Ziwa Duluti, pale Tengeru, ni ziwa la kreta lenye msitu kulizunguka. Unalipia getini, unatembea, na chini ya miti ile GPS inayumba mita kumi na zaidi, kwa hiyo weka simu mfukoni utumie macho.

Maji ya Chai wengi hupita bila kujiuliza jina limetoka wapi. Ni rangi ya mto wenyewe. Maji ya ukanda huu wa Meru yana floridi nyingi, ndiyo yaliyowapaka wengi wetu meno ya kahawia utotoni. Hadithi kama hiyo ndiyo hasa inayofaa EarthCache, aina ya jiokeshi iliyoanza mwaka 2004 ambayo haina kopo: unafika, unaangalia miamba, maji au udongo, unajibu maswali ya aliyeiandaa. Ikitokea iko njiani mwako, ifanye kwanza. Haiibwi, hailowi, na haina siafu.

Chemka, zile chemchemi za maji ya buluu, unakata kulia Boma Ng'ombe na kula vumbi. Kuzuri, lakini ukiingia majini siku imeisha. Mimi huko naenda safari yake peke yake.

13. Trafiki je?

Hamsini kwenye makazi, na makazi ni karibu njia nzima. Wenye tochi za kupima mwendo wanakaa pale ambapo mteremko unakuongezea mwendo bila wewe kujua. Mkanda, leseni, bima, mtungi wa kuzimia moto, pembetatu za kuakisi mwanga. Na dereva asishike simu ya kutafutia kopo. Hiyo ni kazi ya anayekaa kushoto. Ukiona alama imepita, endelea mbele hadi penye nafasi ya kugeuza, kopo halikimbii.

## Kutafuta katikati ya watu

14. Watu wakituuliza tunatafuta nini, tuseme nini?

Ukweli. Wazungu wana mtindo wa kujificha wasionekane wakitafuta, wanajifanya wanafunga kamba za viatu. Huku haifanyi kazi. Mtu mgeni anayezunguka jiwe mara tatu ameshaonekana na kijiji kizima tangu anashuka kwenye gari, na akijificha ndiyo anazidi kutiliwa shaka. Salimia kwanza. Shikamoo kwa mkubwa, habari za asubuhi kwa rika lako, ndipo uiname.

Marangu tuliwahi kuinama watatu kando ya ukuta wa mawe dakika ishirini. Mama mmoja aliyekuwa anapanga parachichi ng'ambo ya barabara alituangalia mpaka akachoka.

"Wanangu, mmeangusha nini?"

Nikamwamkia, nikamweleza habari ya kopo.

"Kile kikopo cha wazungu? Hapo hamtakiona. Kipo nyuma ya lile jiwe lililomeguka kona. Mjukuu wangu alikitoa, nikamwambia akirudishe, si chake."

Kilikuwa pale: kikopo cha filamu ya kamera, cheusi, mfuniko umekaza. Karatasi ndani imekunjwa kama sigara, na chini ya jina la mgeni wa mwisho, kwa mwandiko wa darasa la pili, mjukuu alikuwa ameandika la kwake. Tukanunua parachichi sita.

15. Naruhusiwa kuchukua kitu kilichomo?

Kama kopo ni kubwa kiasi cha kuwa na vitu, ndiyo, ila ukichukua uache chenye thamani sawa au zaidi. Shanga, kitufe kizuri, sarafu ya nchi nyingine, ua la kufumwa. Usiweke chakula, pombe, dawa wala kisu. Chakula kinaita panya, tumbili na siafu, na wote watatu hawajui kufunga mfuniko. Vibati vyenye namba ni suala tofauti, angalia la 23.

16. Simu inaonyesha kopo liko ndani ya kihamba cha mtu. Tuingie?

Hapana, kwanza bisha hodi. Namba zinaweza kukosea mita kumi, na mita kumi kwenye kihamba ni familia nyingine.

Kuna jambo moja nataka wageni wa Kilimanjaro walielewe hata wakisahau mengine yote. Ile mimea yenye majani marefu membamba iliyopangwa pembeni mwa mashamba ni masale. Usiyakate, usiyang'oe, usiyapekue kama nyasi. Sale ni mpaka, na kwa Wachaga ni zaidi ya mpaka: mtu aliyekosa huomba msamaha kwa jani la sale lililofungwa fundo, na masale hupandwa pia penye makaburi ya ukoo. Mimi mwenyewe, mwaka wangu wa kwanza, niliingiza mkono hadi kwenye kiwiko katikati ya safu ya masale nikidhani nimeona mfuniko. Mzee mwenye kihamba hakunigombeza. Aliniuliza jina la baba yangu na ninakotoka, kisha akanyamaza. Afadhali angenigombeza.

Mifongo, ile mifereji ya maji ya asili, nayo usiizibe wala kuhamisha mawe yake. Kuna mtu chini anasubiri zamu yake ya maji.

17. Kuna sehemu za kutotafuta kabisa?

Kambi za jeshi, vituo vya polisi, benki, transfoma za umeme, uwanja wa ndege na njia ya reli. Hata kama simu inaonyesha. Usipige picha huko pia. Makaburini usiingie bila mwenyeji.

## Kwa mwenyeji

18. Tumefika saa kumi, bado kuna kopo moja kilomita mbili. Tumalizie kwanza?

Ingieni ndani. Mtori umeshatoka jikoni, shemeji amekwisha kuuliza mara tatu mko wapi. Kopo lile ni la Jumapili, na pengine mwenyeji atataka kulifuata nanyi akishasikia hadithi. Mkikaribishwa mbege, pombe ile ya ndizi na ulezi, dereva wa asubuhi aonje kwa heshima na aishie hapo.

19. Jumapili wanakwenda kanisani. Tutumie muda huo kutafuta?

Kama wewe ni wa imani nyingine au hupendi, kaa nyumbani, usaidie kumenya ndizi. Kijiji kizima kiko njiani kwa nguo safi, na mgeni anayechungulia kwenye mashina ya miti ataongelewa hadi Krismasi. Mimi naenda. Kwenye sharika nyingi za Kilutheri, baada ya ibada kuna mnada nje wa vitu vilivyotolewa sadaka: mkungu, jogoo, mayai, chupa ya maziwa. Beba hela ndogo ndogo. Jogoo niliyemnunua Old Moshi bila kukusudia, kwa kuinua mkono kumsalimia mtu, alisafiri kwenye buti hadi Arusha akilalamika kila tuta.

## Mambo ya pembeni

20. Tumetafuta nusu saa, hakuna kitu. Tuandikeje?

Andika hukuliona. Si aibu, na mwenye kopo anahitaji kujua. Usiweke kopo lako badala yake ili upate kuhesabiwa. Huenda la kwanza bado lipo, na atakayefuata atakuta mawili. Kuandika umelipata bila kusaini karatasi pia hairuhusiwi.

21. Nimependa. Nataka kuficha kopo kwa rafiki yangu kabla sijaondoka.

Pole pole. Kopo linahitaji mtunzaji wa karibu, na wahakiki wa mtandao wa mchezo hukataa makopo ya wapita njia yasiyo na mtu wa kuyaangalia. Rafiki yako akikubali kulikagua kila baada ya mvua, hapo sawa. Pata ruhusa ya mwenye ardhi. Kama ni eneo la wazi, mwenyekiti wa kitongoji ajue. Liwe angalau mita 161 kutoka kopo jingine. Usifukie, na uandike nje kwa Kiswahili kwamba ni kopo la mchezo, lisiogopeshe mtu. Masale tumeshayasema, la 16.

22. Kuna alama Ziwa Chala, lakini iko upande wa pili wa maji.

Basi pengine iko Kenya. Mpaka unapita katikati ya ziwa hilo la kreta. Usijaribu kuzunguka ukingo. Njia ya halali ni kupitia Holili na Taveta ukiwa na hati ya kusafiria, na kwa wikiendi hii haina maana. Kwa mlimani vivyo hivyo: ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro huingii kufuata kopo tu, kuna geti, ada na taratibu zake, na kuficha kitu ndani bila kibali cha hifadhi ni kosa.

23. Tumerudi Arusha, tumefungua buti, kibati chenye namba tulichokitoa Marangu bado kiko mfukoni mwangu. Nimeiba?

Hujaiba. Kibati cha aina hiyo kina mwenyewe, na kinatakiwa kihame kutoka kopo hadi kopo. Mwenyewe anakifuatilia mtandaoni kwa namba yake. Ingia uandike kwamba unacho, ili asidhani kimepotea, halafu kiweke kwenye kopo linalofuata lenye ukubwa wa kukibeba. Usipoona kopo la hivyo karibu, mpe mtu anayesafiri. Angalia tu kama hakijaingia kwenye mkungu. Cha kwetu kilikaa wiki nzima kati ya ndizi, kikaonekana zilipoanza kuiva.